Cheti Kidogo, Dhamana Kubwa

Wako wazazi Wakristo, tena wazazi wema, ambao kijana wao akiwaletea habari kwamba amepata nafasi ya kusomea kazi ya mhudumu wa gari la wagonjwa, nyuso zao hukunjamana. Walitumaini kumwona daktari, au walau muuguzi mwenye stashahada. Na sasa wasikia habari ya mafunzo ya miezi michache, ya cheti kidogo, na ya kazi ambayo wao waijua kwa jina moja tu, kubeba machela. "Tumeuza ng'ombe tukusomeshe," asema baba, "ili uwe mpagazi wa wagonjwa?" Kijana huinamisha kichwa, na mara nyingi nafasi ile humpita.

Wako na wengine wanaokosea kwa upande wa pili. Hao wakimwona kijana yule yule amevaa koti jeupe, mara humwita "Daktari". Humletea mtoto mwenye homa usiku wa manane, humwomba achome sindano, humwuliza dawa ya presha. Naye akiitwa Daktari mara kumi bila kuitika, mara ya kumi na moja huitika.

Makosa haya mawili, la kudharau na la kukweza, ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika kutojua kazi hii ni kazi gani, yataka mtu wa namna gani, na mpaka wake u wapi. Kwa hiyo leo twataka kulitafakari pamoja nanyi, ndugu wasomaji, swali ambalo si la hospitali tu, bali ni la dhamiri: Je, ni halali mbele ya Mungu kwamba mtu mwenye ujuzi mdogo akabidhiwe uhai wa mwenzake? Na kama ni halali, ni kwa masharti gani?

MSAMARIA ALIFANYA NINI?

Sote twaijua habari ya mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Tumeisikia tangu utoto, na labda kwa sababu hiyo hatuisikii tena. Twakumbuka kwamba kuhani alipita, Mlawi naye akapita, na Msamaria akamwonea huruma. Hapo twafunga kitabu, kana kwamba huruma ndiyo mwisho wa mambo.

Lakini Mwinjili Luka, ambaye mapokeo yasema alikuwa tabibu, hakuishia hapo. Ataja kazi za mikono ya Msamaria moja moja. Alimkaribia, alitia divai na mafuta, ambazo ndizo dawa za vidonda za zama zile, alifunga jeraha, alimpandisha juu ya mnyama wake, alimfikisha katika nyumba ya wageni, alimtunza usiku ule, na kesho yake akamkabidhi kwa mwenye nyumba pamoja na fedha, akaahidi kurudi. Tazameni utaratibu ulivyo. Hakukaa barabarani akilia. Hakujaribu kumponya kabisa pale mavumbini. Alifanya aliloweza kwa vitu alivyokuwa navyo, kisha akampeleka mahali penye msaada mkubwa kuliko wake, akamkabidhi kwa mtu anayejulikana.

Hiyo ndiyo kazi yote ya mhudumu wa dharura tangu zama zile hata leo: kukaribia, kuzuia kifo kisiingie, kubeba kwa uangalifu, na kukabidhi. Haikuongezeka jambo la tano. Yameongezeka maarifa ya kulitenda kila moja vizuri zaidi.

KAZI YENYEWE

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni king'ora na mwendo wa kasi. Sivyo. Gari liendalo kasi likiwa na mgonjwa asiyeangaliwa ni gari la kuwahisha maiti. Ubongo wa mtu aliyekosa hewa huanza kuharibika kwa muda wa dakika nne hivi, na mshipa mkubwa uliokatika waweza kumwaga uhai wote wa mtu kabla chungu cha ugali hakijachemka. Bingwa wa upasuaji aliyeko Muhimbili au Bugando, pamoja na miaka yake yote ya masomo, hawezi kumsaidia mtu aliyekwisha kukata roho kando ya barabara. Elimu yake yote yamngoja yule mdogo aliyefika kwanza. Huyo akishindwa kuushika mlango, bingwa hapati wa kumtibu.

Basi mhudumu hufundishwa kwanza kutazama mahali penyewe: magari yapita? mafuta yamemwagika? waya wa umeme umeanguka? Kwa maana mwokozi aliyegongwa hamwokoi mtu, naye huwa majeruhi wa pili. Kisha huenda kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza njia ya hewa: kinywa na koo vi wazi, au vimezibwa na damu, matapishi au ulimi? Pili pumzi: kifua chapanda na kushuka? Tatu damu: yatoka wapi, na je, imezuiwa kwa kukandamizwa kwa nguvu na kitambaa safi? Nne fahamu: aitika akiitwa, asikia maumivu? Tano, kuufunua mwili kwa heshima ili lisibaki jeraha lililofichwa na nguo, kisha kuufunika tena asije akapata baridi. Ikiwa mtu hapumui, mhudumu humkandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, wala haachi mpaka msaada ufike au mtu azinduke.

Hufundishwa pia mambo ya kutotenda, na haya labda ndiyo yaokoayo watu wengi zaidi. Kutompa maji mtu asiye na fahamu, kwa kuwa yataingia mapafuni. Kutomtia kijiko kinywani mwenye degedege. Kutochanja wala kunyonya mahali palipoumwa na nyoka. Kutochomoa kisu kilichosimama mwilini. Kutoweka udongo, majivu wala dawa ya meno juu ya mahali palipoungua, bali kupamwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kutomnyanyua aliyeanguka kutoka juu ya mwembe kwa kumshika mikono na miguu kama gunia, kwa maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika, mkono wa huruma waweza kumfanya kiwete maisha yake yote.

Je, mambo haya yataka miaka mingapi? Yataka muda mfupi kuliko wengi wadhanivyo, na muda mrefu kuliko wavivu watakavyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, lilitoa mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura ya siku tano, kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wahudumu walio mstari wa mbele. Nayo yalijaribiwa kwanza Uganda, Tanzania na Zambia. Nchini Marekani mhudumu wa ngazi ya kwanza katika gari la wagonjwa kwa kawaida husoma saa 150 hivi au zaidi, na wa ngazi ya juu, anayeruhusiwa kutoa dawa nyingi na kupitisha mpira kooni, husoma saa zaidi ya 1,000. Hata hivyo yule wa kwanza hapewi cheti cha taifa cha maisha yote: kila baada ya miaka miwili hana budi kukihuisha, kwa sababu maarifa ya mikono hushika kutu kama jembe lililotundikwa.

WALIODHARAULIWA

Wazazi wanaoona haya kwa ajili ya cheti kidogo wasikilize habari ya mji wa Pittsburgh, huko Marekani. Hata katikati ya miaka ya 1960, mtu aliyeanguka njiani katika mji ule alichukuliwa na gari la polisi, akalazwa nyuma bila mtu wa kumwangalia. Na katika miji mingi ya nchi ile gari la kubebea maiti ndilo lililobeba pia wagonjwa. Alikuwako mjini daktari mmoja, Peter Safar, bingwa wa elimu ya kurudisha pumzi, ambaye mwaka 1966 alifiwa na binti yake kwa ugonjwa wa pumu. Mwaka 1967 alisaidia kuanzisha kikosi cha magari ya wagonjwa kilichoitwa Freedom House. Waliochaguliwa ni watu Weusi wa mtaa wa Hill District, waliohesabiwa na wengi kuwa hawafai kuajiriwa. Wengine hawakuwa wamemaliza shule. Wakafundishwa saa kama 300, na watu wale wale waliodharauliwa wakawa miongoni mwa wa kwanza katika nchi yao kutoa tiba ya kweli ndani ya gari linalokwenda. Kikosi kilifungwa mwaka 1975, mji ulipoanzisha huduma yake wenyewe. Lakini Daktari Nancy Caroline, aliyewasimamia, aliandika mafunzo ambayo baadaye yalifuatwa katika nchi nzima. Jiwe walilolikataa waashi lilikuwa limeingia ukutani.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, lipo jina lisilosahaulika la Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwani Malta ajifunze utabibu, si ili awe bwana mkubwa wa mjini, bali awe katekista na tabibu pamoja. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa huko, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mmoja wa wanawe akawa padre. Huyu aliyeuzwa kama bidhaa alikuja kuwa mkono wa kwanza kwa maelfu ya watu wasiokuwa na mkono mwingine. Nani atathubutu kusema kwamba kazi ya ngazi ya chini ni kazi ya watu wa chini?

MFANO WA UBATIZO

Sasa twarudi kwenye swali letu: Je, ni halali kumpa mtu wa ujuzi mdogo dhamana kubwa namna hii? Hapa Kanisa lenyewe latupa mfano, nao umo katika kila nyumba ya Mkristo.

Mwenye kubatiza kwa kawaida ni askofu, padre au shemasi. Lakini mtu akiwa katika hatari ya kufa, wala padre hayupo, kila mtu aweza kubatiza: mama, mkunga, mtoto mkubwa, hata mtu asiyebatizwa mwenyewe, mradi akusudie kutenda linalotendwa na Kanisa. Sheria ya Kanisa yawaagiza maparoko wawafundishe waamini namna iliyo sahihi. Basi fikirini. Jambo kubwa kuliko uhai wa mwili, yaani kuzaliwa kwa roho, limewekwa mikononi mwa mtu mdogo kabisa saa ya lazima inapofika.

Lakini tazameni pia masharti. Maji ni lazima yawe maji ya kweli, tena yatiririke. Maneno ni lazima yawe yale yale, yasipunguzwe. Machozi ya mama, hata yakiwa mengi namna gani, hayashiki mahali pa maji. Wala mapenzi yake hayashiki mahali pa maneno. Na lazima ile ile inayomfungulia mlango wa kubatiza haimfungulii milango yote: hawezi kuondolea dhambi, hawezi kuadhimisha Misa, hawezi kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu. Na mtoto akipona, habari yote hupelekwa kwa paroko kwa ukweli, iandikwe kitabuni na kukamilishwa yaliyobaki.

Humo mna masharti matatu ya mhudumu wa dharura: alitende kwa usahihi hilo dogo alilopewa; asivuke mpaka wake; na aseme kweli wakati wa kukabidhi. Tuyaangalie moja moja.

KULIJUA HILO DOGO

Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba si kila ujinga ni dhambi. Asiyejua asilowajibika kulijua hana hatia. Lakini asiyejua jambo ambalo kazi yake yamlazimu kulijua, naye angeweza kujifunza, ana hatia ya uzembe. Mpita njia asiyejua kuzuia damu, akajaribu kwa moyo mwema akashindwa, Mungu ataupokea moyo wake. Lakini mhudumu aliyelala darasani, aliyenunua cheti, aliyepitishwa na mjomba wake, akafika kwa majeruhi asijue la kufanya, huyo hawezi kusema, "Sikujua." Alipoivaa sare ile aliwaambia watu wote, "Mimi najua." Kwa sababu ya sare ile wengine walisogea pembeni, pengine na yule aliyejua kweli. Sare imekuwa uongo, na uongo huo umeua.

Kwa hiyo wenye vyuo na watahini wana sehemu yao katika hukumu. Kumpa mtu cheti kwa kumhurumia ni kumwibia majeruhi ambaye bado hajaanguka.

Na zaidi ya ujuzi, kazi hii yataka tabia. Yataka mtu asiyelewa, kwa kuwa hajui ataitwa saa ngapi. Yataka mtu wa siri, kwa maana ataingia vyumbani mwa watu saa ambayo hakuna aliyejiandaa kuonwa. Yataka macho yenye adabu, kwa kuwa atawafunua wanawake na wanaume wasioweza kujisitiri. Yataka mikono safi: twajua aibu iliyoko barabarani petu, kwamba ajali ikitokea wengine huja mbio kupapasa mifuko ya wanaokufa. Mhudumu mwema huzihesabu simu na fedha za majeruhi mbele ya mashahidi, akaziandika. Na yataka mtu wa haki, atakayemshika kwanza yule aliye karibu zaidi na kufa na awezaye kuokolewa, hata kama ni utingo wa lori, na aliyevunjika mkono tu ni mheshimiwa au ni shangazi yake mwenyewe.

KUUJUA MPAKA

Sharti la pili ndilo gumu kuliko yote, wala hatutaki kulipitia juu juu.

Tuseme mhudumu yumo ndani ya gari usiku, katika njia mbaya, saa mbili mbali na hospitali. Mbele yake amelala mama aliyejifungua, na damu haikomi. Mhudumu amefundishwa kumlaza vema, kulisugua tumbo la uzazi kwa juu ili likaze, kumweka mtoto kwenye ziwa la mama, kumfunika apate joto, na kupiga simu ili chumba cha upasuaji kiwe tayari. Ameyatenda yote. Damu yazidi. Naye anakumbuka kwamba aliwahi kumwona mkunga akifanya jambo fulani, akichoma dawa fulani, akiingiza mkono kwa namna fulani. Hakufundishwa. Aliona tu, mara moja, kwa mbali. Je, ajaribu?

Moyo wasema, "Jaribu, maana anakufa." Nasi hatumdharau mwenye moyo huo; ole wake asiyeusikia. Lakini dhamiri iliyofundishwa humwambia hivi: Endelea kutenda kwa nguvu zako zote lile unalolijua, wala usichoke kwa sababu halionekani kuleta matunda. Piga simu kwa anayejua, umweleze unaloliona, utende atakalokuamuru. Kwa kutii sauti ya mwenye ujuzi na mamlaka, mkono wako umekuwa mkono wake. Lakini usitende kwa kubahatisha. Jambo uliloliona bila kufundishwa, umeona sura yake tu. Hujui lini linaponya na lini linaua, hujui kipimo, hujui la kufanya likiharibika. Ukibahatisha mara moja ukafanikiwa, utabahatisha mara ya pili ukiwa na kiburi, na mwisho wake ni yule "Daktari" wa uchochoroni tuliyemtaja mwanzo.

Mama yule akifa baada ya mhudumu kutenda yote aliyofundishwa, mhudumu atalia, na ni haki alie. Lakini dhamiri yake haina haja ya kuungama kifo kile. Deni la kifo kile huenda likaandikwa mahali pengine: kwa waliochelewa kutengeneza barabara, kwa waliokula fedha ya dawa, kwa waliompeleka njiani mtu mmoja wa ngazi ya chini mahali palipotaka mkunga.

Hata hivyo mpaka usigeuzwe kuwa maficho. Wako wanaosema, "Hilo si kazi yangu," kumbe ni kazi yao, ila yanuka, yatia damu nguoni, au zamu yakaribia kwisha. Wako wanaopita ajali kwa kuogopa kuitwa mashahidi. Kuhani na Mlawi nao yamkini walikuwa na sababu nzuri. Anayeuheshimu mpaka wake hufika hadi kwenye mpaka wenyewe, mvivu husimama katikati ya shamba na kusema, "Hapa ndipo mwisho."

KUSEMA KWELI

Sharti la tatu ni ukweli wakati wa kukabidhi. Mhudumu afikapo hospitali humweleza muuguzi au tabibu aliyoyakuta, aliyoyatenda, na saa alipoyatenda. Dakika moja hiyo yapita vitendo vingi. Ikiwa aliifunga kamba ya kubana damu pajani saa mbili na nusu, aseme saa mbili na nusu. Ikiwa machela iliteleza mgonjwa akaanguka, aseme aliteleza. Ikiwa alisahau kutazama mgongo, aseme hakutazama. Akificha kosa ili aokoe jina lake, tabibu atatibu mgonjwa ambaye hayupo, yaani mgonjwa wa maneno, na yule wa kweli atakufa kitandani.

Twajua ukweli huu wataka ushujaa, hasa pale ambapo wakubwa hupokea maungamo ya mdogo kwa matusi. Kwa hiyo ninyi matabibu na wauguzi, ninaposema haya nawasemea na ninyi: mkimwaibisha mdogo aliyekiri kosa mbele ya watu, mmemfundisha kusema uongo mara ijayo. Kila kosa lililosemwa mapema ni nusu ya tiba.

WAJIBU WETU

Haki haina upande mmoja. Tukimdai mhudumu huyu ujuzi, kiasi na ukweli, yeye naye ana haki ya kutudai. Atudai mshahara unaomtosha yeye na watoto wake. Glovu za kumkinga na maradhi ya damu. Saa za kupumzika, maana aliyeona watoto wamekufa usiku hawezi kurudi asubuhi kana kwamba alikuwa anakata majani. Na mtu wa kumsikiliza, awe padre au mwenzake mwenye hekima. Atudai pia njia ya kupanda. Katika nchi yetu ngazi ipo, kutoka mhudumu wa afya hadi tabibu msaidizi, tabibu, na daktari. Wala si haki kumfungia kijana mwaminifu katika kidato cha chini kwa sababu tu hana wa kumshika mkono.

Nchi yetu imepiga hatua. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, na tangu hapo madaktari wa fani hiyo wamekuwa wakiandaliwa humu humu nchini. Mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, huwasafirisha mama wajawazito na watoto wachanga wenye hatari, ambao habari zao hupokelewa kwa simu namba 115. Na mahali ambapo gari la wagonjwa halipo, hutumwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa. Haya ni mambo ya kumshukuru Mungu. Lakini barabara zetu ni ndefu, na kwa miaka mingi bado atakayefika kwanza atakuwa mpita njia.

Tulikwisha kuliona hilo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, na 24 wakaokoka. Waliofika mapema ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja kati yao, Majaliwa Jackson, aliyeumia akiwa katika kuokoa, baadaye alipelekwa kupata mafunzo katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taifa lilitambua kwamba moyo alikuwa nao tayari, na kilichobaki ni kumpa ujuzi. Lakini kwa nini tungoje ndege ianguke ndipo tuwafundishe wenye moyo? Vijana wa bodaboda walio katika kila njia panda, makatekista walio katika kila kigango, akina mama wa WAWATA, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: hawa wote hufika kabla ya king'ora. Paroko akiwaalika watu wa Msalaba Mwekundu au tabibu wa hospitali ya misioni kwa siku chache baada ya mavuno, ukumbi wa parokia watosha, na mablanketi mawili ya zamani yatosha kuwa machela. Kama tunavyowafundisha waamini kubatiza katika hatari, tuwafundishe pia kuzuia damu.

Na wewe, mzazi uliyekunja uso, mwite mwanao. Usimwambie kwamba kazi ile ni ndogo. Wala usimdanganye kwamba atakuwa daktari. Mwulize kama yu tayari kujifunza hilo dogo mpaka mikono yake iweze kulitenda gizani na mvuani. Mwulize kama ataweza kusema "sijui" mbele ya watu wanaomwita Daktari, na kusema "nimekosa" mbele ya daktari wa kweli. Akikujibu ndiyo, mwekee mikono kichwani umbariki, umwache aende. Kwa maana iko siku, katika njia usiyoijua, wewe mwenyewe utakuwa umelala kando ya barabara, wala hutauliza aliyeinama juu yako ana cheti cha ukubwa gani. Utataka tu kwamba alichofundishwa, amekishika vema.